Dhamana: Neno Moja, Milango Mitatu

Yapo maneno ambayo mwananchi hukutana nayo kila aendako, naye huyapita kama apitavyo mti wa kando ya njia, asiulize mizizi yake imefika wapi. Neno dhamana ni mojawapo. Mtu akinunua simu mjini Lodwar huuliza ina dhamana ya muda gani. Ndugu yake akitiwa korokoroni, jamaa hukimbilia kituoni kuulizia dhamana. Akienda benki kuomba mkopo wa kuongeza bidhaa dukani, safari hii huulizwa yeye: dhamana yako ni ipi? Duka, kituo cha polisi na benki ni milango mitatu isiyofanana kwa sura wala kwa kazi, lakini katika Kiswahili kizingiti chake ni kimoja.

Katika makala haya nataka kulitumia neno hilo kama kurunzi ya kumulikia maoni yasiyokauka vinywani mwa watu wa Lodwar na Kakuma kuhusu simu, polisi na benki. Aghalabu maoni hayo huchukuliwa kuwa manung'uniko matatu mbalimbali, kila moja likielekezwa kwa mkubwa wake. Dai langu ni kwamba nung'uniko ni moja. Watu hawavikatai vyombo vyenyewe: simu waipenda, polisi wawahitaji, na benki waitamani. Wanalolalamikia ni kwamba wao hudaiwa dhamana kila wanapobisha, ilhali wakiidai wao, hawaipati au hawaelezwi namna ya kuipata.

Tuanze na neno lenyewe. Dhamana limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuubeba wajibu wa jambo au wa mtu mwingine. Lisichanganywe na amana, neno ambalo pia ni la Kiarabu lakini mzizi wake ni mwingine, ule uliotuzalia amini, imani na uaminifu. Amana ni kitu unachomwachia mwenzio akuhifadhie kwa kuwa unamwamini. Dhamana ni kitu kinachowekwa pale ambapo imani peke yake haikutosha. Kwa hivyo, kila panapodaiwa dhamana, ujue pana shaka iliyotangulia.

Kiingereza nacho kinasimulia kisa hicho hicho. Waranti anayopewa mnunuzi wa simu, waranti anayobeba askari anapokwenda kumkamata mtu, na garantii ambayo benki humdai mkopaji, yote ni maneno ya ukoo mmoja. Yaliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale kupitia lahaja mbili, moja ikitamka w mahali ambapo nyingine ilitamka g. Lugha mbili zisizo na nasaba zimeona kwamba duka, askari na mkopeshaji wana jambo moja la kuulizana na mwananchi: nani atawajibika mambo yakiharibika?

Mlango wa duka

Simu katika Turkana si pambo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, simu imekuwa mkoba, barua, gazeti na mnadi wa bei ya mbuzi. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa yapata kilomita 120, na mfugaji aliye mbali na barabara kuu hawezi kuuendea kila mara ili ajue kama mnunuzi yupo. Habari za mvua, za malisho, na hata za uvamizi wa mifugo, sasa hupita hewani. Kwa hiyo simu ikifa, kinachokufa si chombo cha anasa.

Hapo ndipo swali la dhamana linapochoma. Mnunuzi hupewa kikaratasi chenye maandishi madogo ya Kiingereza, kinachosema kuwa kampuni itawajibika kwa muda fulani isipokuwa chombo kiwe kimeingiwa na maji, kimeanguka au kimetumiwa isivyofaa. Lodwar ni mji ambao joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, na vumbi lake halibishi hodi. Betri za lithiamu, ambazo ndizo zinazotumika katika simu za leo, huchakaa upesi katika joto kali kwa sababu joto huharakisha mabadiliko ya kikemia ndani yake. Je, kuitumia simu mahali ulipozaliwa ni kuitumia isivyofaa? Kikaratasi hakisemi. Na kituo cha kampuni cha kuitengenezea aghalabu kiko katika miji mikubwa ya kusini, mamia ya kilomita kutoka hapo. Dhamana ipo, lakini nauli ya kuifuata huenda ikaikaribia bei ya simu.

Fauka ya hayo, stakabadhi nyingi za madukani hubeba onyo kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Wengi huliamini onyo hilo kana kwamba ni sheria ya nchi. Sheria ya nchi inasema vingine. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji ili afaidike nazo, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ilitungwa kuitia nguvu haki hiyo. Mwenye duka hawezi kuifuta Katiba kwa muhuri wa wino.

Mwisho wa mwezi wa Septemba mwaka huo huo wa 2012, simu bandia zilizimwa nchini kote kwa amri ya Tume ya Mawasiliano ya Kenya. Zaidi ya simu milioni moja zilinyamaza. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa simu bandia ni hatari kwa mtumiaji na kwa mitambo. Hata hivyo, tuangalie hasara ilimwangukia nani. Aliyeingiza bidhaa alikuwa amekwisha kuuza. Mwenye duka alikuwa amekwisha kulipwa. Aliyebaki na kipande cha plastiki kiganjani ni mnunuzi, ambaye hakuwa na darubini ya kuona ndani ya simu siku aliyoinunua. Mnyororo mzima wa biashara ulipita bila mdhamini, na kiungo cha mwisho ndicho kilichokatika.

Si ajabu basi kwamba imani ya watu imehamia kwa fundi wa simu, yule mwenye kimeza na kioo cha kukuzia chini ya mwavuli. Hana kikaratasi, lakini ana uso na ana mahali anapojulikana. Simu aliyoitengeneza ikiharibika kesho, mteja anajua pa kumpata. Nalo neno mteja lina kisa chake. Sauti ya kampuni ya simu imetangaza mara nyingi mno kwamba mteja hapatikani, hata katika mazungumzo ya Wakenya neno hilo limegeuka kuwa sifa: simu ya fulani ni mteja, yaani haipatikani. Neno lililokuwa na maana ya mtu wa kuhudumiwa limekuwa na maana ya mtu asiyefikika. Sidhani kama kuna mkosoaji wa biashara aliyewahi kusema kwa ufupi zaidi.

Mlango wa kituo

Katika mlango wa pili, utata wa neno hili unaweza kumgharimu mtu fedha zake na uhuru wake. Kifungu cha 49 cha Katiba kinamtaka askari amfikishe mshukiwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo uangukie nje ya saa za mahakama, na kinampa mshukiwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri asubiri mashtaka au kesi, isipokuwa iwepo sababu ya nguvu ya kumzuia. Kuachiliwa huko tunakuita dhamana. Tatizo ni kwamba tunaita dhamana mambo mawili tofauti.

La kwanza ni ahadi. Mshukiwa, au mtu anayemsimamia, hutia saini kwamba atafika siku fulani mahali fulani. Fedha hazitoki mfukoni siku hiyo. La pili ni fedha taslimu zinazowekwa kituoni au mahakamani, kwa stakabadhi, nazo hurudishwa mshukiwa akitimiza masharti hadi mwisho wa kesi. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. Kiswahili cha magazeti na cha mitaani hutumia moja, na pengo hilo hujazwa na yeyote anayetaka kulijaza.

Fikiria mama aliyetoka mashambani na kufika kituoni jioni, mwanawe yuko ndani, naye anaambiwa alipe dhamana. Kwa kuwa benkini dhamana ni mali, naye anadhani ya hapa pia lazima iwe mali. Anauza mbuzi. Akishalipa pasipo stakabadhi, hajui alicholipa ni amana itakayorudi, ni faini iliyokwisha kuamuliwa, au ni hongo. Maneno yote matatu yamefichwa chini ya moja. Laiti angejua kwamba dhamana ya polisi hailipiwi, na kwamba fedha taslimu zikiwekwa ni zake bado, asingeondoka mikono mitupu. Ndiyo maana napendekeza tutofautishe: dhamana ya ahadi na dhamana ya fedha. Maneno hayo si mageni, hayahitaji kamati ya istilahi, na yanaweza kuandikwa ukutani mwa kituo kwa chaki.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumewadhulumu polisi wenyewe. Kauli mbiu yao ni Utumishi kwa Wote, na wapo wanaoitumikia kauli hiyo katika mazingira ambayo mkaazi wa Nairobi hayawezi. Mwezi wa Novemba mwaka 2012 maafisa zaidi ya 40 waliuawa katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, wakiwafuatia wezi wa mifugo. Miaka miwili baadaye, wengine wapatao 20 waliuawa katika eneo la Kapedo, kwenye mpaka wa Turkana na Baringo. Askari anayepelekwa mahali asipopajua, asikojua lugha, bila gari linalofaa, naye pia hakupewa dhamana na waliomtuma.

Kwa upande wao, wafugaji wana methali ya Kiswahili inayowafaa: fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa muda mrefu fimbo ya karibu ilikuwa askari wa akiba, vijana wa pale pale waliopewa bunduki na serikali walinde mifugo na vijiji, wengi wao bila mshahara. Mwaka 2019 serikali ilizichukua bunduki hizo katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, kwa hoja kwamba baadhi zilikuwa zikitumiwa kinyume cha sheria. Baadaye ikabidi mpango wa askari wa akiba ufufuliwe. Hoja ya serikali haikuwa ya bure, wala kilio cha wafugaji hakikuwa cha bure. Lakini tazama jinsi swali lilivyokuwa lile lile: mwananchi alinyang'anywa silaha kwa kuwa hakuaminiwa, na hakuonyeshwa ni nani atamdhamini mbuzi wake usiku huo. Abiria waliozoea kupita Marich na Kainuk, wakitoka Kitale kwenda Lodwar katika misafara iliyosindikizwa na askari, wanaelewa ninachokisema.

Na shaka hii ina historia. Katika enzi ya ukoloni, Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa: mgeni hakuingia bila kibali, wala mwenyeji hakutoka kwa hiari yake. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikowapeleka watu isiowaamini. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953, kisha akazuiliwa Lodwar kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Ardhi iliyotumiwa kuwa korokoro la nchi si rahisi kuiona serikali kuwa mdhamini wake.

Shaka hiyo sasa imepata mkaazi mpya. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye ikapokea Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengineo. Mkimbizi wa Kakuma anayetaka kwenda Kitale au Nairobi hudaiwa kibali cha kusafiri, na katika vizuizi vya barabarani kibali hicho ndicho dhamana yake. Mzee wa Kiturkana aliyesimuliwa na babake habari za vibali vya mkoloni hawezi kushindwa kuyaelewa maisha ya jirani yake huyo.

Mlango wa benki

Neno la Kiturkana la fedha ni ngaropiyae. Ukilisikiliza vizuri utaisikia ndani yake rupia, sarafu iliyotumika katika Afrika Mashariki ya Kiingereza hadi mwaka 1920, kabla ya kuja florini na kisha shilingi. Rupia ilikufa zamani, lakini Waturkana wameihifadhi katika kinywa kwa zaidi ya miaka 100. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba mfugaji ni mgeni wa fedha, ndipo benki isimjue. Ushahidi wa lugha unakataa.

Wala si mgeni wa kuweka akiba. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyewachunguza Waturkana na Wajie, alieleza katika kitabu chake cha The Family Herds cha mwaka 1955 jinsi Mturkana alivyokuwa na mtandao wa jamaa na marafiki walio mahali mbalimbali, ambao alipeana nao mifugo. Leo unampa rafiki ng'ombe wa mahari. Kesho ukame ukikupiga, wewe ndiwe unayemwendea. Mali haikukaa kundi moja, ugonjwa au wavamizi wasije wakaimaliza kwa siku moja. Mhasibu atauita mfumo huo kutawanya hatari. Mwanaisimu ataukumbuka kwa kauli ya kutendana: watu hawa walidhaminiana.

Ndani ya benki kauli hiyo haipo. Mkopaji hudaiwa hatimiliki ya ardhi, na ardhi kubwa ya Turkana ni ya jamii, haina hati ya mtu mmoja mmoja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kuisajili kwa jina la jamii, jambo jema, lakini haikukusudiwa kumpa mfanyabiashara mdogo wa Lodwar karatasi ya kuweka rehani. Mbuzi 60 walio malishoni huenda wakapita kwa thamani kiwanja kidogo mjini, lakini kiwanja hukaa mahali pamoja kimsubiri afisa wa mikopo, na mbuzi hawamsubiri mtu.

Bunge liliona tatizo hili. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika iliruhusu mali ya aina hiyo, mifugo ikiwamo, iandikishwe kuwa dhamana ya mkopo. Wenye benki wakasema, na wana haki ya kusema, kwamba mbuzi hufa. Ukame mmoja waweza kufagia dhamana yote, na fedha wanazokopesha ni amana za watu wengine. Hoja hiyo haijibiwi kwa kelele. Inajibiwa kwa bima. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, ukianzia katika kaunti za Turkana na Wajir, ambapo setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukipungua kiwango kilichowekwa mfugaji hulipwa kabla mifugo haijafa. Sheria ya dhamana ikikutana na bima ya namna hiyo, mbuzi anayekufa hafi na mkopo. Ninachouliza ni kwa nini mambo mawili yaliyoanza kwa kuachana miaka miwili hayajazoeshwa kuketi pamoja katika ofisi moja ya mikopo.

Pengo hilo limejazwa na simu. M-Shwari ilikuja mwezi wa Novemba mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019. Majina yenyewe ni ya kumpendeza mwalimu wa Kiswahili. Shwari ni utulivu wa bahari. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo pasipo kukoma. Mikopo hii haitaki hatimiliki. Dhamana yake ni mwenendo wa mtu: kiasi anachopokea, anachotuma, na anavyolipa. Huo ni ukombozi wa namna fulani, na watu wa Lodwar hawauonei haya kuusifu. Lakini jina la pili limebeba onyo ambalo waliolibuni labda hawakulikusudia, kwani mtu akifuliza kukopa, ada nazo hufuliza. Palitokea pia wakopeshaji wengine wa simu waliogeuza majina yaliyomo katika simu ya mdaiwa kuwa dhamana, wakiwapigia jamaa na wakubwa wake ili kumwaibisha. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwezi wa Machi mwaka 2022 zilipiga marufuku mwenendo huo. Je, ni wangapi walioambiwa hivyo kwa lugha waielewayo?

Hapa tufike Kakuma, kwani huko ndiko milango mitatu ilikojengwa ukuta mmoja. Wageni wengi wameandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwapo. Kiswahili hakina neno hilo. Ni etimolojia ya watu waliotaka jina lifanane na walivyopaona. Shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia lilipochunguza soko la hapo, ripoti yake ya mwaka 2018 ilieleza kuwa kambi na mji wake vina biashara zaidi ya 2,000, na kwamba soko hilo lina thamani ya takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Mahali pasipokuwapo hapauzi wala hapanunui kiasi hicho.

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya msaada kwa njia ya simu, na mpango ukaitwa Bamba Chakula. Baadaye, katika makao ya Kalobeyei, ukaja Bamba Chapaa, fedha zinazopitia akaunti ya benki. Katika Kiswahili cha kamusi, kubamba ni kukamata au kunasa. Katika Sheng ni kupata na kufurahia. Polisi hubamba, na mkimbizi naye akafundishwa kubamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza maduka ya Kakuma na Kalobeyei walieleza kwamba familia nyingi hukopa chakula kabla ya msaada kufika, na kwamba baadhi ya wenye maduka hushika kadi ya mteja hadi siku ya malipo. Kadi iliyotolewa kumpa mtu hiari imekuwa dhamana mkononi mwa mdai. Na msaada ulipopunguzwa sana mwaka 2025 kwa uhaba wa fedha za wafadhili, tunaweza kukisia uzito wa deni lililoandikwa katika madaftari hayo.

Isitoshe, kwa miaka mingi hati ya mkimbizi haikutosha kumsajilia laini ya fedha kwa jina lake, na wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya Wakenya. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilikuja na nia ya kuwaingiza katika uchumi, lakini sheria huchukua muda kufika dirishani. Wakenya wa Turkana nao hawakuwa salama. Mpango wa HSNP ulipokuwa ukifungulia akaunti kaya zipatazo 100,000 katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, baadhi zilikwama kwa kukosa vitambulisho vya taifa. Mwenyeji na mgeni walisimama kwenye foleni moja, kila mmoja akiulizwa karatasi.

Lakini zingatia lile la laini za simu. Mturkana aliyemsajilia mkimbizi laini kwa jina lake alikuwa akifanya jambo la hatari kwa wote wawili: mmoja angeweza kupoteza fedha, mwingine angeweza kuitwa kituoni kujibu makosa asiyoyajua. Sisemi tuige. Nasema kwamba kabla benki na serikali hazijaamua kama mkimbizi anaaminika, majirani walikuwa wamekwisha kuamua.

Tufanyeje?

Madai yangu ni machache. Kwanza, masharti ya simu, ya mkopo na ya kuachiliwa kituoni yaandikwe kwa Kiswahili, na yasomwe kwa Kiturkana panapohitajika. Hili si ombi la wapenda lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kimeitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji. Pili, kila kituo kitofautishe waziwazi dhamana ya ahadi na dhamana ya fedha, na kiandike kwamba hakuna fedha inayopokewa bila stakabadhi. Tatu, benki zilizofungua milango Lodwar na Kakuma zieleze hadharani ni mali gani inayohamishika zinayoikubali, na kama zinaikataa, kwa sababu gani.

Nne ni letu sisi walimu. Insha za barua rasmi tumezifundisha miaka nenda miaka rudi, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kumwandikia mhariri kuhusu usafi wa mji. Lakini je, anaweza kusoma kikaratasi cha dhamana ya simu na kueleza kisichogharimiwa? Anaweza kumweleza mamake tofauti ya faini, hongo na fedha ya dhamana? Anaweza kukokotoa ada ya mkopo wa siku 30 na kuilinganisha na riba ya mwaka? Ufahamu ni ufahamu. Maandishi hayo yanafaa kuwekwa darasani pamoja na riwaya na mashairi, na mwanafunzi wa Lodwar ayafasiri kwa Kiturkana, akishindwa ajue ni kwa nini ameshindwa. Mara nyingi tafsiri inapogoma ni kwa sababu maana yenyewe ilikuwa imefichwa.

Nalo lile somo la vinyambuo tusilifundishe kwa mifano ya kupigana na kupendana peke yake. Tuandike ubaoni dhamini, dhaminiwa, dhaminiana. Tuwaulize wanafunzi ni kauli ipi inayotawala duka, kituo na benki za mji wao, na ni ipi waliyoisikia kwa babu zao. Majibu watakayotoa yatakuwa maoni ya kila siku, yale yale yanayosemwa chini ya miti ya Lodwar na katika vibanda vya Kakuma. Tofauti ni kwamba yatakuwa na jina, na jambo lenye jina linaweza kudaiwa mbele ya mkubwa yeyote. Kazi kwetu.